Fukusi na dumuzi: nani hasa anatumalizia mahindi ghalani?

#1 Mkulima wa Kongwa
Wakuu, habari za humu. Nina hoja, naomba tuichambue. Huku kwetu mtu akiona punje zimetoboka anasema "fukusi" na safari ya duka la pembejeo inaanza. Mimi nasema anayetumaliza siyo fukusi, ni dumuzi, na nusu ya dawa tunazopaka hazimtishi.

Mfano ninao nyumbani. Mahindi yangu na ya baba mdogo yako banda moja. Tumevuna wiki moja. Yangu nimeyapukuchua yako kwenye magunia, yake ameyaacha kwenye magunzi juu ya dari. Yangu ukichota unakuta punje chache zenye tundu. Yake ukishika gunzi punje zinasagika mkononi, na chini ya dari kuna unga umelala mpaka nyayo za kuku zinaonekana. Mbegu zetu ni tofauti, mimi nimepanda ya dukani, yeye ya kienyeji.

Maswali mawili. Kwanza, hawa wadudu tunawatofautishaje? Pili, kwa nini wameyavamia ya kwake na kuyaruka ya kwangu, wakati paa ni moja?

#2 Mama Nuru
Ulipaka dawa gani, na baba mdogo alipaka gani? Tuanzie hapo.

#3 Dalali wa Kibaigwa
Mkuu, usiwachanganye watu. Mdudu ni yuleyule. Mimi mahindi yanapita mikononi kila msimu, gunia moja nakuta wadogo na wakubwa, wenye mdomo na wasio na mdomo. Dumuzi ni fukusi aliyekomaa. Mlaji ni mmoja, umri ndio tofauti.

#4 Ugani Kijijini
#3, hapana kaka. Ni wadudu wawili wa koo mbili na hakuna anayegeuka mwenzake. Mdudu wa jamii hii akishatoka kwenye punje ana mbawa, amemaliza kukua. Hawezi kuongezeka mwili wala kupoteza mdomo. Ukiwakuta pamoja gunia moja ujue ni wageni wawili waliokutana mezani.

Fanyeni hivi. Pepeta mahindi kidogo kwenye ungo, kinachodondoka kimwage kwenye sahani nyeupe, nenda nacho juani.

Fukusi utamjua kwa mdomo. Kichwa kimechongoka mbele kama mkonga. Rangi ni kahawia iliyokolea au nyeusi, na ukimtazama vizuri mgongoni ana madoa manne yenye wekundu hafifu. Mguse kwa kijiti: mara nyingi anakunja miguu na kujifanya amekufa, halafu anaamka na kuondoka.

Dumuzi ni mfupi wa umbo, milimita 3 hadi 4 na nusu, mviringo kama amechongwa kwenye mashine. Ukimtazama kwa juu kichwa hukioni kabisa, amekiinamisha chini ya kifua. Nyuma amekatika wima, siyo wa kuchongoka. Mgongo una vidoti vya mashimo. Huyu utamkuta amejaa unga mwili mzima kwa sababu kazi yake ni kupekecha.

Tabia nazo ni mbali. Jike la fukusi linatafuna kishimo kwenye punje, linaweka yai moja, linaziba kwa ute. Ukitazama punje hiyo unaona nzima. Funza anakulia humohumo ndani, kwenye joto la nyuzi 27 hivi baada ya wiki tano anatoka mdudu kamili na ndipo unaona tundu. Dumuzi anachimba njia kutoka punje moja hadi nyingine bila kutoka nje, mayai anaweka kwenye vichochoro pembeni ya njia hizo, na funza wanaishi kwenye unga aliouacha mama yao. Joto likiwa nyuzi 32 na hewa ina unyevu, kizazi kinakamilika chini ya mwezi.

Kwa hiyo ukiona matundu ya duara na unga kidogo, mshuku fukusi. Ukiona unga umezidi mahindi, huyo ni dumuzi.

#5 Kijana wa Mbozi
Nimefanya ya sahani sasa hivi. Huku kwetu baridi, nimepata fukusi watupu, wana madoa manne kweli. Mmoja amejifanya maiti, nikamwacha kidogo, akaamka akapanda ukingo wa sahani akaondoka zake. Asante bwana shamba.

#6 Mzee wa Urambo
Salaam vijana. Mnamzungumzia mtu tunayemjua sisi wa Tabora kabla yenu wote. Dumuzi hakuwa mdudu wa nchi hii. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Alianza kuonekana kwetu mwishoni mwa miaka ya 70, wataalamu wakamtambua mwaka 1981 kwa jina lake la kitabuni, Prostephanus truncatus. Sisi tulikuwa tumeshampa letu: Scania. Lori jipya lenye nguvu barabarani, na mdudu mpya mwenye nguvu darini.

Kabla yake tulikuwa tunaweka mahindi kwenye magunzi, moshi wa jiko unapita chini, mnakula mpaka msimu mwingine. Fukusi walikuwepo, tuliishi nao. Alipofika huyu, kaya zilipoteza nusu ya mavuno ndani ya miezi michache. Akahamia kwenye makopa (mihogo mikavu), akahamia kwenye vibuyu, akatoboa hadi nguzo za kihenge. Fukusi hatoboi nguzo.

Alikujaje? Wazee wengi wanasema alikuja na mahindi ya msaada, maana miaka ile ya ukame nchi ilipokea mahindi mengi ya nje.

#7 Mtaita Halisi
Shikamoo Mzee wa Urambo. Kwetu Kenya aliingilia Taveta mwaka 1983, na sisi tuna hakika alivuka mpaka kutoka kwenu, hatukuhitaji meli ya msaada hahaha. Huku anaitwa Osama. Ukimwambia mkulima wa Taita au Kitui "Osama ameingia stoo," atakimbia kuliko akisikia moto.

Na Afrika Magharibi alionekana Togo mwaka 1984. Sasa nieleze, alitoka Tabora akaruka bara zima mpaka Lomé? Mimi naona aliingia mara mbili tofauti, kwa mizigo tofauti.

#8 Mzee wa Urambo
Marahaba. Mizigo haina uraia, mjukuu wangu.

#9 Mwanachuo Moro
Heshima kwako mzee, ila niweke sawa #6 kwenye hasara. Vipimo vilivyofanywa ghala za Tabora mwanzoni mwa miaka ya 80 vilionyesha upungufu wa uzito wa wastani wa kama asilimia 9 katika miezi 3 hadi 6, na ghala zilizoathirika zaidi zilifika asilimia 34. Nusu ya mavuno kwa mahindi ilikuwa nadra. Kwa makopa ndiyo, huko ilizidi nusu ndani ya miezi minne.

Na asilimia 9 siyo ndogo. Fukusi katika kihenge cha kawaida cha mkulima, msimu mzima, mara nyingi hafikii hapo.

#10 Mzee wa Urambo
Mwanangu, wastani ni wa mwenye karatasi. Kwangu darini hapakuwa na wastani, palikuwa na unga. Watoto sita, na mbuzi wakauzwa mwezi wa pili kununua debe la mahindi ambayo tuliyavuna wenyewe. Lakini namba zako nimezipokea.

#11 Mkulima wa Kongwa
Nimesoma yote, asanteni. Nimepeleka sahani kwa baba mdogo. Ya kwake: dumuzi tele, fukusi wa kuhesabu. Ya kwangu: fukusi kadhaa, dumuzi sikuona.

Mama Nuru #2: mimi nimepaka dawa ya vumbi yenye viungo viwili, ile Actellic Super. Baba mdogo alichanganya majivu na majani ya mwarobaini yaliyokaushwa, ndivyo alivyofundishwa na babu.

#12 Mama Nuru
Basi swali limejibiwa. Dawa. Ile uliyopaka ina pirimifosi-methili inayomuua fukusi vizuri na haimwezi sana dumuzi, halafu ina permethrini inayomuua dumuzi. Ndiyo maana ya kuchanganya. Huko nyuma miaka ya 80 walianza na permethrini peke yake kwa ajili ya dumuzi, dumuzi wakapungua, fukusi wakabaki wanacheza. Ikabidi viunganishwe. Mtu akienda dukani akasema "nipe ya fukusi" akapewa yenye kiungo kimoja, amelinda mlango mmoja tu.

#13 Mchagua Mbegu
Mama Nuru, usifunge mjadala mapema. Kaeleza mbegu ni tofauti, na umeiruka. Kwa kawaida tungetarajia ya kienyeji ivumilie zaidi: punje ngumu, maganda yanafunika hindi hadi ncha. Za dukani nyingi zinazaa sana, lakini punje ni laini na maganda yanaacha ncha wazi, fukusi anaruka kutoka ghalani anazifuata shambani kabla hujavuna. Hapa imekuwa kinyume. Kwa hiyo ama ya kienyeji yake imeshachanganyika na chavua za jirani miaka mingi, ama mbegu haina uzito hapa. Mkulima, punje zake zikoje, zinang'aa kama za kienyeji au zina kibonyo juu kama za dukani?

#14 Mkulima wa Kongwa
Zimechanganyika, gunzi moja lina za kung'aa na za kibonyo.

#15 Mchagua Mbegu
Ndiyo hivyo. Hiyo siyo kienyeji tena, ni mtoto wa shamba la jirani.

#16 Ugani Kijijini
Mimi nampa uzito mkubwa gunzi lenyewe. Dumuzi anapenda kitu kilichokaza. Punje ikiwa kwenye gunzi imebanwa na wenzake, haitikisiki, anapata pa kuegemea na kusukuma kichwa. Mara nyingi anaingilia kwenye kitako cha gunzi, anapita katikati ya gunzi lenyewe, halafu anazitoboa punje kwa ndani. Mwenye mahindi anaona juu pazuri, kumbe ndani pameisha. Punje zikiwa huru kwenye gunia zinacheza, kazi yake inakuwa ngumu. Anaweza, ila anazaana polepole. Fukusi hajali hilo, punje huru au gunzi kwake ni sawa, tena afadhali punje huru.

Ndiyo maana kampeni ya kwanza hapa nchini ilikuwa: pukuchua, changanya dawa, hifadhi. Kupukuchua peke yake kunapunguza dumuzi hata kabla ya dawa. Halafu kuna jambo watu hawalioni: majivu au dawa ya vumbi ukimwagia mahindi yaliyo kwenye magunzi, inakaa juu ya maganda. Mdudu yuko katikati ya gunzi, haiguswi njia yake.

#17 Fundi Seremala
Naomba niulize kutoka upande wangu. Dari la baba mdogo ni la mbao gani na lina miaka mingapi? Nimefungua madari mengi ya nyumba za zamani nikakuta fito zimetobolewa matundu madogo na unga unamwagika, na wenye nyumba wanaapa hawajaweka mahindi hapo mwaka mzima. Mdudu alikuwa anakaa kwenye mti anasubiri. Magunia ya Mkulima yako chini juu ya chaga, mahindi ya baba mdogo yamelalia fito. Nani atafikiwa kwanza?

#18 Mwanachuo Moro
#17 amegusa kitu kikubwa. Dumuzi jamii yake ni ya vipekecha miti. Mitego ya harufu ikiwekwa porini, mbali na shamba lolote, inamkamata. Anaishi kwenye matawi makavu ya miti kadhaa. Mahindi kwake ni neema aliyoikuta njiani. Fukusi hawezi maisha hayo, yeye ni mtu wa nafaka.

Na ile mitego inafanya kazi hivi: dume la dumuzi likipata chakula kizuri linatoa harufu, madume na majike wanakusanyika. Kwa hiyo si lazima kuwe na sababu kubwa ya yeye kuchagua dari la baba mdogo. Dume moja limetua pale likapaona panafaa, likaita wenzake. Lingetua kwenye gunia la Mkulima pengine tungekuwa na uzi mwingine.

#19 Mama Nuru
Lingetua kwenye gunia la Mkulima lingekufa. Kuna permethrini. Narudi palepale.

#20 Mwanachuo Moro
Hahaha sawa mama.

#21 Dalali wa Kibaigwa
Nimeshakubali ni wawili, msinipige tena. Ila mimi mnunuzi naona kitu kingine: ukavu. Mahindi ya kwetu Kongwa na Mpwapwa yanakuja makavu kweli, hata kipimo cha unyevu cha asilimia 13.5 cha kuuzia NFRA (wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula) yanakuwa chini yake. Nikinunua ya nyanda za juu yanakuja na unyevu. Makavu sana nakuta unga, yenye unyevu nakuta matundu na kuvu. Mnasemaje hapo?

#22 Ugani Kijijini
Uko sahihi kwa macho yako. Dumuzi anavumilia ukavu kuliko fukusi, hata punje yenye unyevu wa asilimia 9 anazaana ndani yake, wakati fukusi hapo hali yake inakuwa mbaya. Kwa hiyo mkulima wa kanda kavu akikausha vizuri anampunguza fukusi, lakini asijidanganye kwamba amemfungia dumuzi.

Wenye mahindi yenye unyevu msiache kukausha kwa sababu hiyo. Kuvu linaua watu. Kenya mwaka 2004, Makueni na Kitui, sumukuvu iliua watu 125 kati ya 317 waliougua. Hapa kwetu Dodoma na Manyara tulizika watu mwaka 2016. Punje iliyotobolewa na mdudu ni mlango wa kuvu, wadudu wakijaa joto na unyevu wa gunia vinapanda. Jamani, mahindi yaliyobadilika rangi msiyapeleke pombeni wala kwa kuku. Mwageni.

#23 Mtaita Halisi
Nakumbuka 2004. Tulikuwa tunaogopa kula ugali wa kununua. Asante kwa kuikumbusha.

Kwa wasio na kipima unyevu: chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia chumvi kavu kidogo, tia mahindi hadi robo hivi, funga, tikisa, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Ikibaki chini bila kunata, yanafaa kuwekwa.

#24 Bibi Makopa
Habari zenu. Mimi niko Sengerema, nahifadhi makopa. Mzee wa Urambo amenigusa. Mnajadili dawa ya mahindi, je makopa? Dawa ya vumbi naogopa kuipaka, maana makopa hatuyaoshi kama mahindi, yanatwangwa hivyohivyo. Msimu uliopita nilibeba gunia likawa jepesi mkononi, kulifungua ni unga wa kijivu na wadudu wanatembea.

#25 Ugani Kijijini
Bibi, shikamoo. Usipake kitu ambacho kibandiko chake hakitaji makopa. Mawili yanasaidia.  Usiyaweke miezi mingi: uza au saga mapema, unga uweke kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Ghala safisha hadi nyufa, na magunia ya zamani yachemshe au yaanike jua kali kabla ya kuyarudia.

#26 Kijana wa Mbozi
Hivi ile mifuko isiyopitisha hewa, PICS, kwa dumuzi inafaa kweli? Nimesikia anaitoboa.

#27 Mwanachuo Moro
Inafaa. Ilianza kwa ajili ya kunde huko Kameruni miaka ya 80 mwishoni, watu wa chuo cha Purdue cha Marekani, baadaye ikahamia mahindi. Ni mifuko miwili ya plastiki ndani ya mfuko wa kusuka. Ukifunga vizuri, wadudu walio ndani wanaimaliza oksijeni wenyewe, wanaacha kula, wanakauka na kufa. Hakuna sumu hata chembe.

Dumuzi anaweza kutoboa plastiki, ni kweli, na matundu yake yanaonekana. Ila kwa vile anapungukiwa hewa haraka, mara nyingi hafiki mbali. Hatari kubwa ni ukiweka mfuko huo umegusana na nguzo au magunzi yenye wadudu, watautoboa kwa nje wakiwa na hewa yao ya kutosha.

#28 Mama Nuru
Na ni hatari ya kufunguafungua. Jirani yangu alikuwa anachota kila jioni kisahani cha kande. Akaja kulalamika mfuko ni feki. Mfuko wa kula wiki hii usiuchanganye na wa kuhifadhi.

#29 Pori kwa Pori
Mnazunguka sana. Vidonge vya gesi. Unatupia viwili kwenye gunia, unafunga, asubuhi wote wamekufa, fukusi, dumuzi, hadi panya. Mimi naweka chumbani magunia yangu na sijawahi kuona mdudu.

#30 Ugani Kijijini
#29, nakuomba soma hii leo kabla hujalala. Vile vidonge vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini. Inaua wadudu na inaua watu waliolala chumba hicho, na nyumba za kupanga inapita darini hadi chumba cha pili. Familia zimefia usingizini kwa njia hiyo. Ni kazi ya mtu aliyefunzwa, chini ya turubai lililozibwa, mahali ambapo hakuna anayelala, na hewa inaachiwa kwa siku kadhaa kabla ya kugusa mahindi. Yatoe hayo magunia chumbani, fungua madirisha, watoto walale kwingine.

#31 Pori kwa Pori
Nimeyatoa nje. Niko na mdogo wangu humu ndani, kweli sikujua inafika mpaka huko. Asante bwana shamba.

#32 Bibi Makopa
Mungu awalinde wanangu.

#33 Mtani Mhehe
Nimechelewa, nimekuja kuwapa pole Wagogo. Msimu mzima mnalinda mahindi dhidi ya ng'ombe, kumbe adui ana milimita nne.

Nikirudi kwenye mada: majivu mnayaonea. Bibi yangu Iringa alichanganya majivu na mahindi yaliyopukuchuliwa, mengi kweli, yakijaza nafasi kati ya punje. Fukusi hawakuwa tatizo kwetu. Majivu yanakwangua nta ya ngozi ya mdudu anakauka, na yanamnyima pa kupita.

#34 Ugani Kijijini
Mtani umesema neno: yaliyopukuchuliwa, na mengi. Kwa fukusi yanasaidia. Dumuzi ni mgumu zaidi kwa majivu na hata kwa ule udongo wa diatomiti unaouzwa siku hizi, kwa sababu anaishi ndani ya njia zake, hatembei juu juu. Baba mdogo alipaka kidogo, tena juu ya maganda.

#35 Mkulima wa Kongwa
Naona sasa tuna sababu tano: dawa (Mama Nuru), gunzi (Ugani), mbegu (Mchagua Mbegu), fito za dari (Fundi), na bahati ya dume moja (Mwanachuo). Ukavu wa Dalali nauweka pembeni, maana ya kwetu yote yalikauka sawa.

Fundi #17: fito ni za porini, zimekaa tangu nikiwa shule ya msingi. Nimepanda leo na tochi. Zina matundu, mengine ya zamani yenye masizi ndani, mengine mapya yana unga mweupe mdomoni. Nimepasua fito moja kwa panga, ndani kuna dumuzi hai.

#36 Fundi Seremala
Nilijua. Ng'oa dari, weka mbao zilizopigwa dawa, umemaliza.

#37 Mama Nuru
Fundi, unaweza ukawa umeshika mkia. Miaka yote fito zilikuwepo na mahindi ya babu yalikuwepo. Kwa nini mwaka huu? Labda dumuzi wametoka kwenye mahindi wakaingia kwenye fito, siyo kinyume.

#38 Mtaita Halisi
Hilo la "kwa nini mwaka huu" ndilo linatuumiza sisi pia. Anakuja mwaka mmoja kwa fujo, miaka miwili kimya, halafu tena. Huku mwaka 1992 walileta mdudu mwingine kutoka kwao Amerika ya Kati anayewala mayai na funza wa Osama, Teretrius, baada ya Togo kumwachia mwaka 1991. Wengine wanasema amesaidia hasa maeneo ya joto, kule nyanda za juu hakufua dafu. Mimi nahisi miaka ya fujo ni ile Teretrius amepungua.

#39 Mwanachuo Moro
Au mvua ya mwaka uliotangulia imeleta matawi makavu mengi porini. Au mahindi yameuzwa kwa wingi kutoka wilaya nyingine na magunia yamekuja na wenyewe. Mtaita, Teretrius wenu hata akiwepo, anamfuata dumuzi tu. Fukusi hamsumbui, kwa hiyo pale fukusi ndiye mkubwa hutaona tofauti yoyote.

#40 Dalali wa Kibaigwa
Hilo la magunia msinitazame mimi.

#41 Mzee wa Urambo
Tunakutazama, mwanangu.

#42 Mchagua Mbegu
Mkulima, mwombe baba mdogo msimu ujao apukuchue nusu na nusu aache kwenye magunzi, zote darini palepale, zote bila dawa. Wewe nawe weka gunia moja bila dawa kwenye chaga yako. Hapo tutajua kama ni gunzi au ni dawa.

#43 Mkulima wa Kongwa
Nimemwambia. Amesema hatoi hata debe moja kwa ajili ya majaribio mpaka mtu humu amlipie. Nusu anakubali kupukuchua, ila bila dawa hataki tena kusikia.

#44 Fundi Seremala
Na dari?

#45 Mkulima wa Kongwa
Dari hang'oi. Anasema fito hizo alizikata na marehemu babu.

#46 Mtaita Halisi
Sisi tuling'oa zote, tukaweka mabati na nguzo za chuma. Mwaka uliofuata walikuwa kwenye mpini wa jembe.